Kinywa Nilichoazima kwa Faila

Siku ile, nyuma ya nyumba yetu hapa Kasongo, tulikuwa watu watano. Nilikuwepo mimi, Veroni, mkubwa wa nyumba. Alikuwepo Faila, mdogo wangu wa kike, amekaa juu ya gogo akichekecha tumbako. Alikuwepo Paskali, kitindamimba wetu, anashona gunia lililopasuka. Alikuwepo shangazi yetu Mwamini, dada ya baba, aliyekuja kuomba kaa la moto akabaki. Na alikuwepo Baba Sumaili, mnunuzi wetu, aliyefika kwa pikipiki kutoka Salamabila akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Hakukuwa na mwingine. Nawataja wote kwa sababu katika ukoo wetu kosa lina mashahidi wake, na hesabu ya mashahidi hao bado haijafungwa.

Siku ile nilichota tumbako kwa vidole vyangu vitatu nikaiweka ndani ya shavu la Faila. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mpaka siku hiyo kinywa chake kilikuwa hakijawahi kuijua.

Lazima nieleze kwanza tumbako ilivyoingia kwetu. Baba alikufa, na mama akamfuata nikiwa mwaka wa tano wa shule ya msingi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Faila mitano, Paskali mitatu. Daftari zangu nilizitumia kufungia tumbako, na shule ikaishia hapo. Kazi hiyo tuliachiwa na nyanya yetu wa Nyangwe, mzazi wa mama: majani yanakaushwa juu ya mafiga, yanatwangwa, yanachekechwa, kisha yanachanganywa na chumvi inayochujwa kutoka majivu ya maganda ya ndizi. Chumvi ikipungua, tumbako inakuwa kama unga tu. Ikizidi, inachoma. Hakuna mizani ya kukuonyesha. Unaiweka kati ya shavu na ufizi, unangoja mate yaje, ndipo unajua.

Kuna sababu nyingine ya kuonja, na hiyo ndiyo iliyotufunga. Kwetu mtu hapokei kitu cha kutia kinywani mpaka mwenye kukitoa atangulie. Pombe ni hivyo, dawa ni hivyo, tumbako ni hivyo. Anayetangulia anaondoa wasiwasi wa sumu na wa uchawi. Baba Sumaili alinunua kwangu miaka mingi, lakini kila safari alisimama na kuniangalia shavuni kabla hajafungua mfuko wake. Halafu akifika kwa wachimbaji wa machimbo ya Salamabila anawaambia, nimemwona yule mama mwenyewe akiitia. Miaka kumi na saba kinywa changu ndicho kilichokuwa muhuri wa nyumba.

Ukiwa na doa kinywani na unasoma haya, nakuomba usicheke nilivyoliona langu. Ulimi ndio uliolikuta. Ndani ya shavu la kushoto paligusika pakavu, kama ndani ya ganda la yai. Hapakuuma. Sombe ya majani ya muhogo yenye pilipili ilianza kunichoma upande huo, nikaanza kutafunia kulia bila kufikiri. Siku moja nikaazima kioo cha pikipiki ya jirani, nikavuta shavu, nikaona weupe kama rangi ya chokaa iliyokwanguka. Nilidhani ni uchafu. Nikausugua kwa mkaa na kitambaa kigumu mpaka damu ikatoka. Baada ya siku chache ukarudi vile vile.

Basi nikafanya jambo lililoonekana la akili. Nikahamisha tumbako shavu la kulia, ili la kushoto lipumzike. Shavu la kulia nalo likaanza.

Sikwenda hospitali kwa sababu ya doa. Nilikwenda kwa sababu ya jino. Ilikuwa kiangazi, benchi la meno limejaa hadi nje, na mzee mmoja aliyefungwa taya kwa kitambaa alikuwa akiinuka kila mlango ulipofunguliwa, kisha anakaa tena na kutuambia, "Endeni ninyi. Jino yangu imesikia harufu ya dawa, imepona." Nilicheka huku nimeshika shavu. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho cha kinywa kizima, na sikujua.

Muuguzi wa meno, watu humwita Dokta, alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono midogo. Aling'oa jino, akanifuta damu, kisha akarudisha tochi ndani ya kinywa changu, shavu hili na lile. Akaniuliza kama natia tumbako. Nikasema ndiyo, ni kazi yangu. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia. Akaketi.

"Hii si kidonda, na si kansa," akasema. "Lakini iko kitu ya kulinda. Inaweza kukaa hivi miaka. Inaweza kurudi nyuma. Inaweza kugeuka. Tumbako, basi. Na utarudi kwangu kila miezi tatu, hata usiposikia kitu."

Alichukua daftari ya shule niliyokuja nayo kwa ajili ya maandishi ya hospitali, akachora kinywa kilichofunguliwa, na ndani yake akapaka wino mahali palipo na doa. Kushoto, pana kama ukucha wa kidole gumba. Kulia, kama punje ya karanga. Alisema kila nikija atachora tena, ili tuone shamba linakwenda upande gani. Neno shamba lilikuwa lake.

Siku ya tatu baada ya hapo ndipo Baba Sumaili alipofika.

Nilimweleza. Hakunikasirikia. Alisema, "Mama Veroni, mimi sina neno na wewe. Lakini wachimbaji wataniuliza, nani alitangulia? Nitawajibu nini? Kwamba mwenye tumbako ameikimbia?" Kisha akasubiri. Magunia mawili yalikuwa yameshafungwa. Paskali akaacha sindano akasema, "Nitie mimi, Yaya." Yaya kwetu ndiye dada mkubwa. Nikamkatalia. Nilifikiri mwanaume akionja hataacha, lakini mwanamke ataonja atatema. Mimi, mwanamke niliyeonja miaka kumi na saba, ndivyo nilivyofikiri.

Shangazi Mwamini alikuwa amesimama na kaa lake katika kipande cha chungu. Akasema, "Veroni, kitu kikikukataza wewe, kimekataza nyumba yote."

Nikamjibu, "Dokta alisema kinywa changu."

Ndivyo nilivyosema. Na Faila alifungua kinywa kabla sijamwomba, kama alivyokuwa akifungua nilipomlisha alipokuwa mtoto.

Miezi mitatu ya kwanza niliishi vibaya. Mwili ulidai tumbako kama deni. Mikono ilitetemeka, niligombana na kila mtu, nilimrushia Paskali mwiko kwa sababu alitafuna kwa sauti. Nilitafuna tangawizi mpaka ulimi ukachubuka. Kumbe wakati wote huo Faila alikuwa akikaa pale pale nilipokuwa nikikaa, anaonja. Mwanzoni alitema na kukunja uso, na tulimcheka. Baada ya muda hakukunja uso tena. Hatukuona siku ilipobadilika.

Nilirudi hospitali wakati mpunga unakatwa. Shavu la kulia lilikuwa safi, na Dokta alichora kinywa cha pili bila wino upande huo. La kushoto lilikuwa vile vile. Safari iliyofuata, mvua zikiwa kali, katikati ya weupe palikuwa na nukta nyekundu. Hakuipenda ile nukta. Akaniambia ningoje daktari mpasuaji anayepita mara chache kwa mwaka.

Mpasuaji alipokuja alikata kipande kidogo kama punje ya mchele, akakitia katika chupa, na chupa ikapelekwa Kindu, kisha kwa ndege mji mwingine. Wenzangu mtakaopita njia hii, jueni kwamba kisu si kibaya kama kungoja chupa. Karanga zilipandwa, zikang'olewa. Kila mara nilipopita hospitali nilichungulia dirishani, na Dokta alitikisa kichwa tu kutoka mbali. Nililala na daftari chini ya mto. Nilianza kugawa vitu vyangu kichwani: nani atachukua kinu, nani atachukua kitenge cha mama.

Jibu lilikuja kwa simu. Si kansa. Lakini nyama ilikuwa imeanza kubadilika, na ilipaswa kuondolewa yote kabla haijaamua vingine.

Waliitoa. Sitaeleza kisu, mtakijua wenyewe ikibidi. Nitaeleza yaliyofuata. Shavu lilivimba mpaka jicho likafungwa. Nilitema damu katika kopo siku nne. Faila ndiye aliyenilisha uji mwembamba wa mchele kwa kijiko cha chai, upande wa kulia, kidogo kidogo. Alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Na kila alipoinama, pumzi yake ilinuka tumbako. Kama ningekuwa mkubwa wa kweli ningemshika mkono nikamwambia, mdogo wangu, acha leo. Badala yake nilivuta ile harufu. Niliitamani. Katika mambo yote ya ugonjwa wangu, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Kovu lilipokauka lilivuta. Kinywa kilichokuwa kikiingia vidole vitatu kikawa kinaingia kimoja na nusu. Dokta alinifundisha kuchonga vijiti bapa vya mwanzi, kuvipanga kati ya meno, na kila juma kuongeza kimoja. Nilikaa mlangoni na mwanzi kinywani, watoto wakipita wananiita mamba. Nimefika vidole viwili. Dokta anasema huenda sitapita hapo. Sasa siwezi kuimba kanisani sauti ya juu, na nikicheka naweka mkono.

Mwaka uliofuata Faila aliolewa Kabambare. Bwana wake ana duka dogo karibu na soko. Tulimpa mwari wetu kinu, chekecheo, na ujuzi wa chumvi ya majivu. Tulimsifu kwamba hatakaa bure. Kule akawa na wateja wake mwenyewe, na kwa kila mteja akatangulia. Mimi hapa niliacha kutwanga, nikageukia mpunga na karanga. Niliiacha kwa ajili yangu. Vinywa vya wachimbaji wote wale niliowauzia sikuvifikiria hata siku moja, na sasa ninavifikiria bila kujua hata majina yao.

Mwaka wa pili wa ndoa yake Faila alikuja kwetu kwa Noeli. Tulikula pamoja. Niliona anasukuma chakula upande wa kulia kwa ulimi, na pilipili ameitenga pembeni ya sahani. Faila, aliyekuwa akila pilipili mbichi kama tunda. Kitendo kile nilikuwa nimekiishi kwa mwili wangu.

Nikamwuliza, iko nini upande ule.

"Si kitu, Yaya. Ni moto ya tumbako tu."

Nilimwomba twende hospitali kesho yake. Akasema bwana wake anamngoja. Nikapiga simu mara nyingi baada ya hapo. Alijibu habari za kuku, za mvua, za mama mkwe. Nikitaja kinywa, mtandao ulikuwa unakatika.

Basi nikapanda pikipiki. Barabara ya Kabambare wakati wa mvua mnaijua. Tulishuka mara nyingi kusukuma, madaraja ya miti yalikuwa yamepoteza mbao zake, na dereva alinifundisha kukaa ulimi ukiwa nyuma ya meno nisiuume. Nilifika matope mpaka kiunoni. Nilimkuta Faila mezani kwake, mbele ya duka, na mbele yake mteja, mwanaume mwenye kofia, ameshika mfuko anangoja. Faila aliniona. Hakusimama. Alichota kwa vidole vitatu akaitia shavuni, macho yake yakiwa usoni mwangu.

Mama mkwe wake alinipa kiti na maji ya kunawa. Nikasema nimekuja kumchukua Faila aonwe na Dokta wa Kasongo. Nilisema ni mimi niliyekosa. Nilisema maneno mengi, na kwa kinywa changu hiki maneno mengi yanatoka yamebanwa, mtu hana budi kuinama ayasikie. Faila hakuinama.

"Yaya," akasema, "weye uliogopa kinywa yako, ukaazima yangu. Sasa unataka kunirudishia ikiwa imetumika?"

Mteja aliangalia chini. Mama mkwe alitaka kumkaripia Faila, nikamzuia kwa mkono. Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo alikuwa ameibeba miaka mitatu bila kunitupia.

Nikasogeza kiti karibu yake, nikageukia mwanga, nikafungua kinywa mpaka kinapofika. Nikamshika mkono, ule ule wenye vumbi la tumbako, nikauelekeza. Akasita. Kisha akatia kidole ndani ya shavu langu, mahali nyama ilipotolewa. Machozi yalinitoka kwa sababu tumbako ilichoma, na si kwa sababu hiyo tu.

"Iko kama kamba," akasema polepole. Akapitisha kidole tena. "Na ulikuwa unakula uji yangu na kitu hii?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Aliinuka, akaenda pembeni ya nyumba, tukamsikia akitema, akisukutua, akitema tena. Aliporudi mteja alikuwa bado amesimama. "Sasa mimi nitatanguliwa na nani?" akauliza.

Mama mkwe akamjibu, "Leo unywe maji, baba. Maji nitakutangulia mwenyewe."

Mtu yule alikunywa maji, akaaga, akaenda kununua kwingine. Bwana wa Faila alirudi jioni akakuta meza tupu. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu ndiye aliyetutafutia pikipiki, akamwambia dereva apite polepole penye mawe.

Hospitalini benchi lilikuwa lile lile. Faila alikaa amenigeuzia mgongo. Ndani, Dokta alimulika, akavuta shavu. Kisha akaniomba daftari. Nilidhani anataka kuona michoro yangu. Aligeuza kurasa zangu zote, kumi na moja wakati huo, akafika ukurasa mweupe, akaandika juu yake jina la Faila, na chini yake akachora kinywa. Akapaka wino kidogo, kushoto, chini: punje mbili za mchele.

"Mapema," akasema. "Hakuna nyekundu. Akiacha kabisa, inaweza kuondoka yenyewe. Inaweza pia kukaidi. Atarudi kila miezi tatu kama wewe."

Faila akamwuliza, mpaka lini.

"Mpaka mimi nizeeke," Dokta akasema, "halafu mwingine."

Amekwisha kurudi mara mbili. Mara ya kwanza wino ulikuwa vile vile. Mara ya pili ulikuwa punje moja na kidogo, na Dokta hakutaka tushangilie. Atarudi mpunga ukishakatwa, na mimi ndiye nitakayekwenda kumchukua Kabambare, kama nilivyomchukua mara zote. Mimi mwenyewe bado nachorwa. Kovu limenyamaza. Shavu la kulia limenyamaza. Kila asubuhi ulimi wangu unazunguka kabla sijafungua macho.

Kwako wewe mwenye doa, sina dawa ya kukupa. Usilisugue. Usihamishe tumbako upande mwingine. Rudi kila ulipoambiwa, hata kama huumwi. Na ukikatazwa kitu, uliza kwanza ni nani nyumbani mwako atakayekifanya badala yako.

Limebaki jambo la mashahidi. Nilipotaka kumwomba Faila msamaha hapa nyumbani, shangazi Mwamini alinisimamisha. Mkubwa akimkosea mdogo, alisema, hamwambii samahani kama anayemkanyaga mtu sokoni. Katika ukoo wetu analeta kuku mweupe, mbele ya wale wale waliokuwepo siku ya kosa, na pale pale lilipotendeka. Mmoja akikosekana, deni halijalipwa. Nikanunua kuku. Faila yupo, nikimwita anakuja. Shangazi yupo, ingawa macho yake yamefifia, na ananiambia niharakishe kabla shahidi hajapungua. Paskali anachimba Salamabila, naye ameahidi kushuka. Baba Sumaili ndiye hatujampata. Aliacha biashara, wengine wanasema amehamia machimbo mengine mbali zaidi. Paskali anauliza kila dereva anayepita.

Kuku amekwisha kutaga na kuatamia. Safari ya mwisho Faila alimkuta uani na vifaranga tisa nyuma yake, akacheka mpaka akashika mlango, kinywa chake wazi kabisa.

"Yaya, deni yako imeanza kuzaa."

Nikamwambia vifaranga navyo ni vyake. Asubuhi nawafungulia, jioni nawafungia, na kila pikipiki ikija kutoka upande wa Salamabila natoka nje kutazama ni nani amepakiwa nyuma.